Mwanza na Bukoba: Kilomita 175 za Anga, Zaidi ya 400 za Barabara

Ukichukua ramani ya Tanzania na rula, ukaunganisha uwanja wa ndege wa Mwanza na ule wa Bukoba, utapata mstari mfupi unaokatiza Ziwa Victoria kuelekea kaskazini-magharibi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuupima bila msaada wa mtu. Uwanja wa Mwanza uko takriban nyuzi 2 na dakika 27 kusini mwa ikweta, na nyuzi 32 na dakika 56 mashariki. Ule wa Bukoba uko nyuzi 1 na dakika 20 kusini, na nyuzi 31 na dakika 49 mashariki. Tofauti ni nyuzi 1 na dakika 7, upande wa latitudo na upande wa longitudo vilevile. Karibu na ikweta kila uzi mmoja ni takriban kilomita 111, kwa hiyo kila upande wa pembetatu yetu una kilomita 124 hivi. Kanuni ya Pithagoras inamalizia kazi: umbali wa anga ni takriban kilomita 175.

Sasa weka rula pembeni, upande basi. Utatoka Mwanza kuelekea Usagara, utavuka Ghuba ya Mwanza kati ya Kigongo na Busisi, utapita Sengerema na Geita, utazunguka ncha ya kusini-magharibi ya ziwa kupitia Biharamulo, kisha utapanda kaskazini kwa njia ya Muleba hadi Bukoba. Utakuwa umesafiri zaidi ya kilomita 400. Barabara ni ndefu kuliko anga kwa zaidi ya mara mbili. Linganisha na Dar es Salaam na Dodoma: kwa anga ni kilomita zisizofika 400, kwa barabara ni takriban 450. Huko mzunguko unaongeza safari kwa chini ya moja ya tano. Huku unaizidisha maradufu na ushee.

Jibu jepesi ni kwamba ziwa liko katikati, na maumbile hayashitakiwi mahakamani. Jibu hilo lina kasoro moja: linasahau kwamba kwa sehemu kubwa ya historia yetu ziwa hilo ndilo lililokuwa njia ya mkato. Makala haya yanadai kwamba umbali kati ya Mwanza na Bukoba umetengenezwa, ukafupishwa na kurefushwa, na maamuzi ya watu wenye mamlaka. Na kwamba gharama ya maamuzi hayo imelipwa na abiria, mara nyingine kwa roho yake.

Tuanze kabla ya ramani. Speke alipofika kusini mwa ziwa, karibu na Mwanza ya leo, mnamo Agosti 1858, akiwa na Sidi Mubarak Bombay miongoni mwa wasaidizi wake, alikuta maji ambayo wenyeji walikuwa wakiyasafiri tangu enzi na enzi. Wakerewe, Wasukuma, Wahaya, Wazinza na Waganda walikuwa na mitumbwi yao, bandari zao na taratibu zao za nani apite wapi na kwa ruhusa ya nani. Mwaka 1875 Stanley alianza safari yake ya kulizunguka ziwa kutoka Kageyi, mashariki mwa Mwanza. Aprili ya mwaka huo alipofika kisiwa cha Bumbire, kusini mwa Bukoba ya leo, aligombana na wenyeji. Agosti akarudi na bunduki na kuwaua wengi. Tukio hilo husimuliwa kama kisa cha mpelelezi na "washenzi". Linaweza kusomwa vingine: watu wa pwani ya magharibi waliamini kwamba maji yaliyo mbele ya kisiwa chao yana mwenyewe. Safari ya ziwani ilikuwa suala la mamlaka tangu wakati huo.

Ukoloni ulikuja na vipimo vipya. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na Mwanza nayo ikawa kituo chao katika muongo huohuo. Lakini nguvu ya kusafiri ziwani ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Reli yao kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli yao ya William Mackinnon, iliyosafirishwa vipande vipande kutoka pwani, ilikuwa imeshashushwa majini mwaka mmoja kabla. Tokeo lake lilikuwa la ajabu: mazao ya bandari za Wajerumani yaliifikia Bahari ya Hindi kwa urahisi zaidi kwa kupitia meli na reli ya mpinzani wao. Kwa mfanyabiashara wa Bukoba, Mombasa ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam, ingawa bendera iliyopepea juu ya boma lake ilisema vingine.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilithibitisha jambo hilo kwa risasi. Juni 1915 jeshi la Waingereza lilipanda meli Kisumu, likavuka ziwa, likashuka Bukoba na kuiteka kwa siku chache ili kubomoa kituo cha simu ya upepo. Hawakuhitaji kulima barabara. Aliyekuwa na meli alikuwa karibu na kila mji wa ziwani, na asiyekuwa nayo alikuwa mbali hata na jirani yake.

Baada ya vita, Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Hapa ndipo miji hii miwili ilipoanza kuachana. Mwanza ilipata reli, bandari na pamba ya Usukuma. Ikawa makao makuu ya Jimbo la Ziwa, na Bukoba ikawekwa chini yake. Bukoba ilikuwa na kahawa, zao lenye fedha na lenye historia ndefu kuliko ukoloni wenyewe, lakini haikupata reli wakati huo na haijaipata hadi leo. Kahawa yake ilitegemea meli. Mkulima wa Kiziba au Ihangiro alipata barabara ya kumfikisha bandarini. Kutoka hapo, riziki yake ilikuwa juu ya maji.

Mpangilio huo ulifanya kazi maadamu ziwa lilikuwa na mwendeshaji mmoja. Reli, bandari na meli ziliunganishwa katika shirika moja la Afrika Mashariki mwaka 1948, na mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, meli ya Victoria ilianza kubeba abiria kati ya bandari za nchi tatu. Katika miaka hiyo mtu wa Bukoba aliishi kwenye mzingo wa ziwa lenye miji mingi: Mwanza, Musoma, Kisumu, Port Bell. Ukikaa pembezoni mwa nchi lakini kwenye mzingo wa ziwa linalopitika, huko pembezoni kabisa.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Wanafunzi wangu husoma tukio hili kama ugomvi wa marais na itikadi. Ni nadra kulisoma kama tukio la jiografia. Mali za pamoja ziligawanywa, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na safari za meli za nchi tatu zikakatika. Ndege nazo zikagawanyika: Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kazi mwaka 1946, likafa, na Air Tanzania ikaundwa mwaka huohuo wa 1977. Hakuna aliyesogeza jiwe wala kuchimba mfereji, lakini Bukoba ilijikuta mbali zaidi na dunia kuliko ilivyokuwa mwaka mmoja nyuma.

Haukupita muda mrefu, umbali huo ukawa suala la ulinzi wa taifa. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilishambulia Bukoba kwa mabomu, majeshi yake yakavamia eneo lililo kaskazini mwa Mto Kagera, na Novemba daraja la Kyaka likabomolewa. Jeshi letu lililazimika kukusanywa kutoka kona za nchi na kupelekwa kwenye mkoa ambao barabara zake zilikuwa mbovu na ambao reli haikuufikia. Machi 1979 ndege ya mabomu ya Libya, iliyoletwa kumwokoa Amin, ilijaribu kuipiga Mwanza na kukosa shabaha. Kwa adui mwenye ndege, Mwanza na Bukoba zilikuwa mlango na dirisha la nyumba moja. Kwa askari wetu aliyepanda lori, zilikuwa miji ya nchi mbili tofauti. Tulishinda vita ile, na mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera. Somo la barabara halikupewa uzito uleule wa somo la ushujaa.

Mwaka 1979 ndio pia mwaka iliyojengwa meli ya MV Bukoba, ambayo ilikuja kuwa uti wa mgongo wa safari kati ya miji hii miwili. Msafiri alipanda jioni, akalala juu ya maji na kuamka upande wa pili. Kwa mkulima, mfanyabiashara wa ndizi, mwanafunzi na mgonjwa, hiyo ndiyo ilikuwa njia yenye nauli inayolipika. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo. Ndege ilikuwa ya wenye nacho. Watu walijazana melini kwa sababu hawakuwa na njia nyingine waliyoimudu. Asubuhi ya Mei 21, 1996, MV Bukoba, iliyokuwa na uwezo wa kubeba abiria 430, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Zaidi ya watu 800 walikufa. Katika jitihada za kuwaokoa waliokuwa hai ndani, tumbo la meli lilitobolewa. Hewa iliyokuwa ikiielekeza juu ikatoka, na meli ikazama.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Tumezoea kuhesabu umbali wa aina mbili, wa anga na wa barabara. Mei 1996 ilituonyesha umbali wa tatu, nao ni kati ya mtu anayezama na mtu anayeweza kumwokoa. Mji wa pili kwa ukubwa nchini ulikuwa karibu na meli ile. Vifaa vya kuokolea na ujuzi wa kuvitumia ndivyo vilivyokuwa mbali.

Je, umbali huo wa tatu ulipunguzwa? Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilizama jirani na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Uokoaji ulisitishwa usiku ulipoingia, na siku mbili baadaye fundi mmoja alikutwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Kisha Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam iliangukia ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Wavuvi ndio waliowahi kufika, kwa mitumbwi, makasia na kamba. Watu 24 waliokolewa, 19 walikufa. Miaka 26 baada ya MV Bukoba, na umbali wa mita chache kutoka nchi kavu, tegemeo la kwanza la abiria wa ndege lilikuwa chombo kilekile alichokikuta Speke. Wavuvi wale walistahili kila sifa waliyopewa. Sifa zao, hata hivyo, zisitumike kama pazia la kufunika swali: kwa nini walikuwa peke yao?

Haki inataka tuseme pia yaliyofanywa. Barabara ya lami sasa inafika. Meli ya Victoria, iliyokuwa imesimama kwa miaka kadhaa, ilikarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020. Meli kubwa mpya, MV Mwanza, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200, ilishushwa majini Februari 2023. Na Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, mahali ambapo kwa miongo mingi magari yalipanga foleni kusubiri kivuko.

Daraja hilo linatufundisha jambo kuhusu vipimo vyetu. Ukisoma kibao cha kilomita, safari ya Mwanza hadi Bukoba ni karibu ileile kama ilivyokuwa kabla yake. Kilichofupishwa ni saa, na pamoja na saa, wasiwasi: dereva wa gari la wagonjwa hahitaji tena kuomba kivuko kisiharibike usiku. Mwanza na Bukoba zimesogeleana bila kilomita kupungua. Kwa hiyo mtumishi wa umma anayeandika kwenye ripoti yake kwamba "umbali ni kilomita 400" hajaandika jambo kubwa. Anatakiwa aandike ni saa ngapi, ni nauli kiasi gani kwa kulinganisha na kipato cha anayesafiri, ni mara ngapi kwa wiki chombo kinapatikana, na nini kitatokea chombo hicho kikipata ajali.

Anga nayo inahitaji kusomwa hivyohivyo. Kilomita 175 ni safari isiyofika saa moja, lakini kilomita za anga hazina maana pasipo mahali pa kutua. Uwanja wa Mwanza una njia ya kurukia ndege yenye zaidi ya kilomita 3. Ule wa Bukoba una takriban kilomita 1.5, umebanwa kati ya mji na ziwa, na unaweza kupokea ndege ndogo tu, mawingu yakiruhusu. Mpango wa kuupatia mkoa uwanja mkubwa huko Omukajunguti, Missenyi, umezungumzwa kwa miaka mingi. Wakati huo Chato, njiani kati ya Mwanza na Bukoba, ilijengewa uwanja wenye njia ya kilomita 3. Sisemi Chato haikustahili uwanja. Nasema kwamba pale serikali ilipoamua, lami ilimwagwa; basi tusiambiwe kwamba Bukoba inasubiri maumbile.

Tazama matokeo yake kwenye ramani ya kanda. Kutoka Bukoba hadi Kampala, kupitia Mutukula na Masaka, ni takriban kilomita 300 kwa barabara. Makao makuu ya nchi jirani yako karibu na Bukoba kuliko Mwanza, mji ambao mkoa wa Kagera umeelekezwa kwa huduma kubwa za kanda. Miongoni mwa huduma hizo ni Hospitali ya Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Daktari wa Bukoba anapoandika barua ya rufaa, anaandika neno moja: Bugando. Mwenye fedha atalisoma neno hilo kama safari isiyofika saa moja. Asiye nazo atalisoma kama usiku mzima ziwani au mchana mzima barabarani, na kwa baadhi ya magonjwa muda huo ndio hukumu yenyewe. Barua ni moja, hospitali ni moja, uraia ni mmoja. Umbali ni tofauti.

Wapo watakaosema kwamba nchi maskini haiwezi kujenga kila kitu mara moja, na kwamba Kagera ina mwambao mrefu na idadi ndogo ya wasafiri wa ndege. Hoja hiyo ina ukweli, na siibezi. Lakini idadi ya wasafiri ni mtoto wa nauli na ratiba. Huwezi kumnyima mtu njia kisha ukatumia uhaba wake njiani kama ushahidi kwamba haihitaji. Isitoshe, kasoro kubwa niliyoionyesha hapa si ya ujenzi mkubwa. Boti za uokoaji zenye injini na taa, wapiga mbizi waliofunzwa, zamu ya usiku, mawasiliano kati ya uwanja wa ndege, bandari na wavuvi: hivi havigharimu hata sehemu ndogo ya daraja. Havina utepe wa kukata, na pengine ndiyo sababu huchelewa.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mipango mingi ya usafiri wa ziwa letu huandikwa na watu wanaoyapita maji hayo kwa juu, dirishani, wakiwa na kikombe mkononi. Ningependa kila mpango wa usafiri wa Kanda ya Ziwa uwe na jedwali moja fupi: kutoka kila makao makuu ya wilaya hadi Bugando, kwa mtu mwenye kipato cha chini, ni saa ngapi, shilingi ngapi, na mwokoaji aliye karibu yuko wapi. Jedwali hilo lisomwe bungeni kila mwaka, kama yanavyosomwa mapato na matumizi. Wanafunzi wanaweza kuanza kulijaza wenyewe. Hesabu yake si ngumu kuliko ile ya Pithagoras. Wanaharakati wanaweza kulitumia kuhoji bajeti. Na watumishi wa umma, ambao wengi wao wana dada au mjomba aliyewahi kulala juu ya maji yale akiomba kupambazuke, wanajua tayari safu ipi itakuwa na majibu ya aibu.